Lisemwalo Lipo, Lakini Halimo

Ujumbe ule ulikuwa na maneno 16. Niliuandika usiku mmoja wa Agosti 2024, nimekaa sakafuni kwenye maabara ya kompyuta ya idara yetu, na mashine iliyokuwa mbele yangu ilikuwa imezima kwa mara ya nne tangu magharibi. "Jamani, msinunue zile mashine mpya za duka lile, prosesa zake ndizo zile mbovu. Yetu imeshakufa. Sambazeni." Kundi lile la WhatsApp lilikuwa na watu zaidi ya 200: wanafunzi wa uzamili, mafundi wa maabara, na wahadhiri kadhaa ambao huwa hawaandiki kitu ila wanasoma kila kitu. Sikutaja jina la duka. Sikuhitaji.

Nieleze kwanza kwa nini niliamini nilichoandika, maana sikukiokota njiani.

Tasnifu yangu inahusu mvua za vuli. Programu niliyoandika inabuni misimu 10,000 ya mvua kwa kufuata takwimu za miaka iliyopita, kisha inahesabu ni mara ngapi mvua inakatika mapema. Kuna jambo ambalo mtu asiyefanya kazi hizi anaweza asilijue: bahati nasibu ya kompyuta si bahati. Ukiipa namba fulani ya kuanzia, inakupa mfululizo uleule wa "bahati" leo, kesho na mwakani. Ndiyo maana tunaiamini. Mwenzako akitaka kukuhakiki, unampa programu na ile namba, naye anapata jibu lako hadi tarakimu ya mwisho. Mashine yetu mpya ilinipa majibu mawili kwa namba moja. Tofauti ilikuwa ndogo, kwenye tarakimu ya tatu baada ya nukta. Wiki iliyofuata ikaanza kuganda, halafu kuzima.

Msimamizi wangu, mama mpole asiyependa mabishano, alisema nikague programu yangu. Muuzaji aliyetuletea mashine, nilipompigia, alisema hivyohivyo: "Vifaa ni vipya kabisa, mdogo wangu. Angalieni hizo programu zenu." Nilikagua siku kumi na moja, mstari kwa mstari, na sikuona kosa. Kibaya zaidi, sura ya nne ya tasnifu, yenye majedwali yote, ilikuwa imeshatoka mikononi mwangu na iko mezani kwa msomaji wa pili. Majedwali yale yalitoka kwenye mashine ileile. Nilianza kulala vibaya.

Ndipo nikakutana na habari za Intel.

Prosesa za Intel za kizazi cha 13 zilitoka Oktoba 2022, za kizazi cha 14 mwaka mmoja baadaye. Wacheza magemu wenye prosesa za daraja la juu za vizazi hivyo walikuwa wamelalamika kwa miezi: gemu linafunguka, linaganda, linajifunga. Ujumbe uliotokea kwenye skrini mara nyingi ulisema kumbukumbu ya kadi ya grafiki imekwisha, na haikuwa imekwisha. Watu wakalaumu kadi, wakalaumu waandishi wa magemu. Programu mojawapo iliyolaumiwa ni Oodle, ambayo kazi yake ni kufungua data iliyobanwa ndani ya magemu mengi. Watengenezaji wake wakalazimika kujieleza kwamba kosa halikuwa lao; prosesa ndiyo iliyokuwa ikikosea hesabu. Programu inayofungua data hukagua kama ilichofungua kinaeleweka, kwa hiyo inalikuta kosa mapema na kupiga kelele. Nyingine zinalimeza na kuendelea. Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku ile: aliyekuwa makini ndiye aliyeonekana mkosaji.

Tarehe 22 Julai 2024 Intel ikasema hadharani kwamba mikrokodi, yaani maagizo ya ndani kabisa ya prosesa, ilikuwa ikiomba volteji kubwa kupita inavyotakiwa. Agosti ikaongeza dhamana kwa miaka miwili na kutoa mikrokodi mpya, huku ikieleweka kwamba prosesa iliyokwisha kuumia haitaponywa nayo.

Prosesa ya mashine yetu ilikuwa ya kizazi cha 13. Kuganda, kuzima, majibu yanayobadilika, na wakubwa wawili wanaoniambia tatizo ni programu yangu: kila kitu kililingana. Sikujisikia kama mtu anayeeneza uvumi. Nilijisikia kama mtu aliyekuwa sahihi siku kumi na moja peke yake na sasa amepata mashahidi. Nikachukua simu.

Siku mbili baadaye muuzaji akanipigia. Idara nyingine ilikuwa imeagiza kwake mashine sita, na asubuhi ile walikuwa wamemwambia asubiri kwanza. Mzigo alishauingiza dukani, kwa mkopo. Hakupaza sauti, ningependa angepaza. Alisema: "Mdogo wangu, nimeletewa ujumbe wako. Umejuaje?"

Nikaanza kumweleza Intel, Julai, volteji, mikrokodi. Aliniacha nimalize. "Hayo na mimi nimeyasikia," akasema. "Nakuuliza hiyo iliyoko mezani kwako. Umejuaje?"

Sikuwa na jibu.

Tuna methali ambayo kila mtu anaijua: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nimeisikia tangu utotoni, karibu kila mara ikitumika kumhukumu mtu ambaye hayupo. Ukiitazama vizuri ni methali ya ajabu, kwa sababu haishindwi kamwe. Jambo likithibitika, methali ni kweli. Lisipothibitika, bado linakuja, subiri. Na lugha yenyewe inatucheza hapo. Sisi tunatofautisha mahali: -po ni mahali panapojulikana, pa kuonyesha kwa kidole, -ko ni huko kwa ujumla, -mo ni ndani. Mwenye uvumi anasema "lipo" kana kwamba amepaona, ilhali alicho nacho ni "liko", huko, mahali fulani. Kasoro ile ya Intel ilikuwako duniani, hilo halina ubishi, na wenyewe walikiri. Nilichodai mimi ni kwamba imo, imo ndani ya mashine hii yenye namba hii, na imo ndani ya mashine nyingine sita ambazo sikuwahi kuziwasha.

Uvumi wa prosesa mbovu una historia ndefu kuliko umri wangu, na mfano wake mkubwa ulianza na mwalimu wa hisabati. Thomas Nicely alikuwa akifundisha Lynchburg College, jimbo la Virginia, Marekani. Mwaka 1994 alikuwa anajumlisha vipande vidogo mno: moja gawanya kwa kila namba tasa pacha, yaani namba tasa mbili zinazoachana kwa mbili tu. Hii ni kazi isiyo na faida yoyote ya haraka kwa mtu yeyote. Katikati ya mwezi Juni majibu yake yakaacha kulingana. Alikuwa ameongeza kompyuta yenye prosesa ya Pentium, iliyokuwa imetoka mwaka uliotangulia, na tatizo lilionekana kutokea humo.

Alichofanya baada ya hapo ndicho ambacho kila nikikisoma najisikia vibaya. Hakuandika. Alikagua programu yake. Akashuku vifaa vingine ndani ya mashine, kimoja baada ya kingine, akaviondoa kwenye orodha ya watuhumiwa. Akajaribu kwenye kompyuta nyingine. Miezi minne. Mwishoni alikuwa amelibana kosa hadi kwenye namba pacha mbili, 824633702441 na 824633702443: Pentium ikigawa moja kwa namba hizo, tarakimu za kwanza zinakuwa sahihi, na baada ya takribani ya kumi zinaharibika. Akawasiliana na Intel. Alipoona hapati jibu la maana, tarehe 30 Oktoba 1994 akawaandikia barua pepe watu wachache, akawaeleza alichokiona na kuwaomba wajaribu kwenye mashine zao.

Barua ile ikasambaa kwenye intaneti ya enzi hizo. Mhandisi mmoja wa California, Tim Coe, alikusanya makosa ambayo watu walikuwa wakiyaripoti, akakisia kutokana nayo jinsi kigawanyo cha Pentium kilivyojengwa, na kutoka kwenye makisio hayo akatabiri mgawanyo utakaokosea vibaya zaidi. Gawa 4195835 kwa 3145727. Jibu sahihi linaanza na 1.33382. Pentium yenye kasoro ilitoa 1.33373. Mtu yeyote mwenye kompyuta na programu ya majedwali aliweza kuandika namba mbili, kubonyeza, na kuona kwa macho yake.

Huo pia ulikuwa uvumi. Ulipita kwa watu wasiofahamiana, uliongezewa chumvi njiani, ulizaa utani mwingi, na wengi waliousambaza hawakujua prosesa inagawaje. Lakini ulibeba kipimo chake tumboni. Uliyeupokea hukuhitaji kumwamini Nicely wala rafiki aliyekutumia. Ulipofika kwako ungeweza kuuua au kuuthibitisha ndani ya dakika moja. Ujumbe wangu ulimwomba msomaji afanye kitu kimoja tu: sambazeni.

Nikiishia hapo nitakuwa nimejitandikia mkeka laini. Kwamba neno lisilo na kipimo lisisemwe ni kanuni nzuri kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba wanaoipenda zaidi kanuni hiyo ni wauzaji.

Intel walikuwa wanaijua kasoro ya Pentium. Wahandisi wao waliikuta wenyewe katikati ya 1994: kwenye jedwali ambalo prosesa hulitazama inapogawa, vyumba vitano kati ya 1,066 vilivyopaswa kuwa na thamani vilikuwa vitupu. Walirekebisha kwa prosesa zitakazofuata, na hawakumwambia mnunuzi. Habari zilipotoka walisema ukweli wa aina yake: kosa hutokea mara moja katika migawanyo bilioni 9, na mtumiaji wa kawaida atakutana nalo mara moja katika miaka 27,000. Anayetaka kubadilishiwa prosesa ilibidi kwanza aeleze kazi anayofanya, ili waone kama kweli anaihitaji iliyo nzima. IBM nao wakapiga hesabu zao, wakasema mtumiaji anaweza kulikuta kosa kila baada ya siku 24, na mwezi Desemba wakasimamisha kupeleka sokoni kompyuta zenye Pentium. (IBM walikuwa na prosesa yao ya kushindana nayo. Miaka 27,000 na siku 24: kila mmoja alipiga hesabu akiwa amekalia upande wake wa mizani.)

Sina tatizo na hesabu ya bilioni 9. Huenda ilikuwa sahihi kwa namba zinazochaguliwa ovyo. Ninachouliza ni nani alimpa mwenye kutengeneza haki ya kuamua kosa lipi ni dogo kiasi kwamba mimi nisiambiwe. Kosa la tarakimu ya tatu ni dogo. Kwenye jedwali la sura yangu ya nne, tarakimu ya tatu ndiyo inayoamua kama tunasema mvua za vuli katika wilaya moja zinazidi kukatika mapema au hazijabadilika. Kwa mkulima anayesubiri kupanda mahindi, udogo wa kosa unategemea lilipoangukia. Waswahili wanasema mficha maradhi kifo kitamuumbua, na tarehe 20 Desemba 1994 kiliwaumbua: Intel wakaomba radhi, wakaahidi kumbadilishia kila atakayetaka bila kumhoji, na wakatenga dola milioni 475 kwa ajili ya shughuli hiyo. Bila kelele za watu ambao wengi wao hawakuwa na ujuzi wa Nicely, sioni kwa nini wangefanya hivyo.

Katika somo la maadili ya utafiti tulisomeshwa insha ya William Clifford ya 1877 kuhusu maadili ya kuamini. Clifford, mwanahisabati wa Uingereza, anatupa mfano wa mwenye meli kuukuu anayejua moyoni kwamba inahitaji matengenezo. Badala ya kuikagua, anajituliza: imesafiri mara nyingi, Mungu ataiangalia. Anaamini kwa dhati. Meli inazama na watu wake. Darasani kila mtu alimlaani mwenye meli. Lakini Clifford anaendelea, na hapo ndipo penye mwiba: anasema hata kama meli ingefika salama, mtu yule angekuwa na hatia ileile, kwa sababu swali halikuwa kama imani yake ilikuwa kweli. Swali lilikuwa ameipataje.

Kwa miaka miwili nilidhani mfano ule unawahusu watu kama Intel ya 1994, wenye kujua na kujituliza. Baada ya simu ya yule kaka nikaona unanihusu mimi vilevile. Hata kama prosesa yetu ingekuwa mbovu kweli, sikuwa nimejua. Ningekuwa nimebahatisha. Umeipataje, umejuaje: Clifford na muuzaji wa kompyuta wa Dar es Salaam waliuliza swali moja.

Hata hivyo kipimo cha Nicely nacho kina mahali kinapogoma, na pengine mahali pabaya zaidi ni Januari 2018. Miezi saba kabla, Juni 2017, mtafiti wa Google aitwaye Jann Horn aliwajulisha watengenezaji wa prosesa kwamba kuna udhaifu mkubwa. Prosesa za kisasa hazipendi kusubiri. Zinakisia kazi inayofuata na kuianza kabla hazijaruhusiwa, kisha zikigundua zimekosea zinafuta. Lakini kufuta huko kunaacha nyayo, na mwizi anayejua kusoma nyayo anaweza kupata siri za programu nyingine kwenye mashine hiyohiyo, nywila zikiwemo. Watafiti wengine, wakiwemo wa chuo kikuu cha Graz, Austria, walifika kwenye udhaifu huo kwa njia zao. Ndizo kasoro zilizokuja kuitwa Meltdown na Spectre. Ilikubaliwa zitangazwe tarehe 9 Januari 2018, ili kwanza dawa iandaliwe.

Hapa kunyamaza hakukuwa woga wala ulafi tu. Kumpa kila mtu kipimo kulikuwa ni kumpa kila mtu ufunguo wa nyumba ya jirani. Lakini dawa ya Linux huandikwa hadharani. Mwishoni mwa 2017 watu waliokuwa wakifuatilia waliona mabadiliko makubwa yanaingizwa kwa haraka isiyo ya kawaida, na maelezo hayatoshi. Siku moja baada ya Krismasi mhandisi wa AMD akaandika kwamba prosesa za kampuni yake haziguswi na mashambulizi ya aina hiyo, na sentensi yake ya maelezo ikawaonyesha wajuzi pa kuchimba. Tarehe 2 Januari gazeti la mtandaoni la The Register likachapisha kwamba kuna kasoro kwenye prosesa za Intel. Kesho yake mtafiti wa Amsterdam ambaye hakuwa kwenye siri alionyesha kwamba ameshaifanya kasoro itokee. Tangazo likatolewa siku hiyohiyo, siku sita kabla ya wakati.

Je, waliokisia walikosea? Sijafikia uamuzi, na nimeuzungusha sana. Waliharakisha ufunguo kufika mitaani, hilo ni kweli. Lakini tazama pia nani alikuwa ndani ya siri ile na nani alikuwa nje. Kampuni kubwa za kukodisha seva zilijua kwa miezi. Ndogo nyingi zilisoma kwenye habari kama mimi na wewe. Hata kitengo cha serikali ya Marekani kinachotoa tahadhari za usalama wa kompyuta, Intel haikukijulisha kabla habari hazijavuja. Siri iligawiwa kwa kufuata ukubwa wa mteja. Ukiambiwa nyamaza kwa usalama wa wote, nadhani una haki ya kuuliza hao wote ni akina nani.

Na kasoro ya 2024, ile niliyojificha nyuma yake, inagoma kwa namna nyingine: haikuwa na kipimo cha kubeba. Hakuna mgawanyo mmoja wa kubonyeza ukaona. Prosesa iliumia polepole, ikakosea leo na kesho ikawa nzima, kwenye gemu hili na si lile. Mchezaji aliyekuwa Poland au Brazil mwezi Februari alikuwa na malalamiko tu. Angenyamaza hadi awe na uhakika wa Nicely, angenyamaza milele, kwa sababu uhakika ule ulikuwa maabara ya Intel na si sebuleni kwake. Ushahidi ulipatikana kwa sababu maelfu ya watu wasio na uhakika walisema kwa wakati mmoja, na mtu akaona kwamba wote wana vizazi vilevile viwili vya prosesa. Uvumi mmojammoja ulikuwa dhaifu. Ukiwekwa pamoja ulikuwa takwimu. Mimi ni mtu wa takwimu, siwezi kuudharau.

Nikarudi kwenye ujumbe wangu nikajaribu kuuandika upya, nikitaka kuona kama kulikuwa na namna ya kusema bila uhakika na bila uongo. Kulikuwa nayo. "Mashine yetu mpya inazima na inatoa majibu tofauti kwa kazi ileile. Sijajua sababu. Nimesoma kwamba baadhi ya prosesa za kizazi chake zina kasoro. Kuna mwingine anaona hivi?" Kila neno hapo ni kweli. Mwenye tatizo kama langu angejibu, na pengine tungekuwa watano wenye dalili moja, au ningebaki peke yangu, nalo lingekuwa jibu. Lakini tuwe wakweli, ujumbe huo usingetoka nje ya kundi. Hauna adui, hauna "sambazeni". Nadhani nilijua hilo nilipokuwa nachagua maneno. Nilitaka yule aliyeniambia niangalie programu zangu aaibike kidogo.

Nilidhani nimeirushia Intel jiwe. Intel ipo California, na hata ile mwaka 1994 ilibeba dola milioni 475 ikabaki imesimama. Jiwe lilianguka Kariakoo, kwa mtu mwenye mashine sita za mkopo.

Usiku baada ya simu yake nilifanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Nilipakua MemTest86, programu ya bure ya kupima RAM, nikaiweka kwenye flashi, nikaiwasha mashine kwa flashi hiyo na kuiacha. Saa nane usiku skrini ilikuwa na mistari mingi mekundu. Mashine ina vipande viwili vya RAM. Nikatoa kimoja, nikarudia: safi. Nikakirudisha, nikatoa kile kingine: mistari mekundu tena. Bado nilitaka iwe prosesa, nakiri, kwa sababu prosesa mbovu nayo inaweza kuifanya RAM nzima ionekane mbovu. Basi kile kipande nikakipachika kwenye kompyuta nyingine ya maabara yenye prosesa ya aina tofauti kabisa, na mistari ikanifuata huko. Kipande kimoja cha RAM, cha bei ya viatu vya mtumba. Nikakitoa, nikairudisha mashine mezani, nikaendesha misimu 10,000 mara tano kwa namba ileile ya kuanzia. Mara tano jibu moja, hadi tarakimu ya mwisho.

Majedwali manne kati ya saba ya sura ile yalibadilika. Kidogo. Wilaya moja ilihama kutoka "inazidi kukatika mapema" kwenda "haijulikani". Nilimwandikia msimamizi wangu, naye akamwandikia msomaji wa pili, na sura ikarudishwa. Nimechelewa muhula mmoja.

Kwenye kundi niliandika masahihisho siku hiyohiyo asubuhi, marefu kuliko ujumbe wa kwanza, na nikaeleza nilivyopima ili anayetaka apime yake. Yalipata dole gumba tatu. Wiki tatu baadaye binamu yangu aliyeko Mwanza alinitumia ujumbe akinitahadharisha, kwa kuwa anajua nashughulika na kompyuta. Yalikuwa maneno yangu 16, ila mtu alikuwa ameongeza jina la duka.

Nilikwenda dukani Jumamosi moja. Zile mashine sita, kaka yule aliuza nne kwa idara ileile baada ya wao kuona masahihisho, na mbili zilikuwa bado juu ya rafu, zimefunikwa nailoni. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi njiani, nikayasema yote, naye alikuwa anahesabu nyaya za chaji kwenye boksi na hakuacha kuhesabu. Alipomaliza akaniambia nikae, akamtuma kijana alete soda. Aliniuliza kile kipande cha RAM nimekitupa au ninacho. Nikamwambia kipo kwenye droo.

"Niletee," akasema. "Kina dhamana. Ungeniambia mapema ningekubadilishia siku hiyohiyo."